Mabango ya sheria za kazi Marekani yanamfaa nani?

Mwajiri wa Marekani anatakiwa na sheria abandike mabango ya haki za wafanyakazi mahali wanapoyaona bila kuhangaika: kima cha chini cha mshahara, usalama kazini, ubaguzi, likizo ya kuuguza familia. Waajiri wengi wanayaona kama mzigo wa karatasi. Watetezi wa wafanyakazi wanajibu kwamba kwa wengi hapo ndipo pekee wanapoelezwa haki zao bila kuuliza. Mimi niko na wafanyakazi, ila kilio cha waajiri si cha kupuuza.

Hakuna bango moja linalomaliza yote. La usalama, la OSHA (wakala wa serikali wa usalama kazini), linawagusa karibu waajiri wote wa sekta binafsi. La ubaguzi, la EEOC (tume ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini), linaanzia kwa mwenye wafanyakazi 15, na la likizo ya familia linaanzia 50. Majimbo nayo yana yake. Isitoshe, maandishi hubadilika: lile la EEOC lilitolewa upya Oktoba 2022, likarekebishwa tena Juni 2023 sheria ya kuwalinda wajawazito kazini ilipoanza kutumika. Mwenye biashara ndogo hana mwanasheria wa kufuatilia haya, na hofu yake imegeuzwa mtaji. Huletewa barua zenye sura ya kiserikali zikimtisha kwa faini ili anunue mabango ambayo Idara ya Kazi inayatoa bure. Hili linaniudhi, na serikali ingeweza kulipunguza kwa kuunganisha mabango yake.

Hata hivyo, anayeliona bango kuwa pambo hajatazama muda wa kulalamika. Aliyeadhibiwa na bosi kwa kuripoti hatari kazini ana siku 30 tu za kufika OSHA. Aliyebaguliwa ana siku 180 za kwenda EEOC, au 300 penye chombo cha jimbo kinachoshughulikia kosa hilo. Asiyejua huachwa na muda huku bado akitafuta wa kumuuliza. Ndiyo maana baadhi ya mahakama zimewahi kumwongezea muda mfanyakazi ambaye mwajiri wake hakubandika tangazo.

Mwaka 2011 bodi ya mahusiano kazini, NLRB, ilitaka bango kuhusu haki ya kuunda chama cha wafanyakazi. Mahakama mbili za rufaa zikaikatalia mwaka 2013. Moja ilisema kanuni hiyo inagusa uhuru wa mwajiri wa kusema au kunyamaza. Hoja hiyo hainishawishi. Kueleza sheria inasema nini si kumpigia mtu kampeni.

Udhaifu mkubwa naouona ni lugha. Kanuni za likizo ya familia zinadai tangazo liwe katika lugha wanayoisoma wafanyakazi, iwapo sehemu kubwa yao hawasomi Kiingereza. Kwa bango la mshahara hakuna sharti hilo, wala hakuna faini kwa asiyelibandika. Mhamiaji asiyejua Kiingereza anaweza kupita mbele yake kila siku bila kujua kwamba analipwa chini ya haki yake.

Tangu Desemba 2020, mwongozo wa Idara ya Kazi unakubali tangazo la kielektroniki peke yake pale tu wafanyakazi wote wanapofanya kazi mbali na ofisi, wamezoea kupata taarifa kwa njia hiyo na wanaweza kulifungua wakati wowote. Ningependa wa kiwandani naye atumiwe lake kwenye simu siku anapoajiriwa, kwa lugha anayoisoma, na la ukutani libaki palepale.