Kutaja saa kwa Kiingereza: tuanze na tarakimu

Watoto wetu hapa Dodoma wanafundishwa kutaja saa kwa Kiingereza kinyumenyume. Mwalimu anachora saa ya mishale ubaoni, darasa zima linakariri "half past" na "quarter to", halafu mtoto anatoka nje, anaona 7:50 kwenye simu ya mama yake na kubaki kimya. Inaniuma, maana huyo huyo akiingia kidato cha kwanza atafundishwa karibu kila somo kwa lugha hiyo.

Robo na nusu si tatizo. Tangu utotoni tunasema saa mbili kasorobo, na Mwingereza naye hufanya vivyo hivyo: hadi dakika ya 30 anataja zilizopita kwa "past", baada ya hapo anataja zilizobaki kwa "to". Kinachotukwamisha ni saa yenyewe. Yetu inahesabiwa tangu kunapokucha na tangu jua linapozama. Yao tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Basi mtoto anabebeshwa kazi mbili kwa mpigo, kuhamisha saa na kugeuza dakika. Mtu mzima je? Anaambiwa usaili ni "two o'clock", anafika Mtumba saa mbili asubuhi, kumbe wenzake wanatakiwa saa nane mchana.

Mimi nasema mtoto asome kwanza tarakimu kama alivyoziona. 7:50 ni "seven fifty". 8:30 ni "eight thirty". Ni Kiingereza safi, hata Waingereza wenyewe wanasema hivyo. Ashike mambo mawili tu: dakika zikiwa chini ya kumi hutanguliwa na "oh", kwa hiyo 9:05 ni "nine oh five", na "o'clock" ni ya saa kamili peke yake, asije akasema "eight thirty o'clock".

"Quarter past" na ndugu zake zifuate baadaye, na zaidi kwa kusikiliza, kwa sababu atazisikia sana. Hapo ndipo aelezwe kwamba "half eight" ya Mwingereza ni 8:30, na kwamba baadhi ya Wamarekani husema "quarter of eight" kwa 7:45.

Walimu wa Chamwino, Kongwa, Bahi na hapa mjini, andikeni ratiba ya shule ubaoni kwa tarakimu za saa ya Kiingereza, kuanzia kengele ya kwanza hadi ya kutoka, na kila mtoto aisome kwa sauti.