Reli Mbili za Darini

Maandalizi ya reli yangu ya mfano, ya treni ndogo ya umeme, hayakuwa na kasoro. Sakafu ya gereji yetu hapa Minneapolis ni ya zege, na zege hupandisha unyevu kutoka chini, kwa hiyo kwanza nilibandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, nikaziba kingo zote kwa tepu, nikakiacha siku nzima. Nilipokibandua, pakavu. Nikaunda meza ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, unene milimita 12, juu yake foamu ngumu ya sentimita 5. Kwenye maungio ya reli niliacha mwanya wa kama milimita 1. Wakati wa baridi hewa hukauka, mbao hunywea, na reli iliyobanwa hupinda kama nyoka. Kipimo ni HO, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi. Njia ya Tanga–Moshi, ndiyo niliyoiiga, ina upana wa mita 1, kwa hiyo kwa haki ilitaka reli ya milimita 12 hivi. Nikanunua ya 16.5, ndiyo iliyojaa madukani. Vituo vyake vya Korogwe na Mombo vinisamehe.

Shida ikawa gari. Mama Neema alishasema baridi hii gari halilali nje. Basi meza nikaipandisha darini: kapi nne, kamba nne, kulabu zimeingia kwenye boriti zenyewe wala si kwenye jasi, maana mzigo ulikuwa kama kilo 40. Huko juu nikakuta reli mbili za chuma, moja inatoka kwenye mota ya mlango, nyingine iko ukutani. Meza ikapita katikati yake bila kugusa hata moja. Nikajipongeza. Mimi, mpenzi wa reli tangu utotoni, sikujiuliza kwenye reli zile kunapita nini.

Kunapita mlango. Ukifunguka unapanda, unakata kona, unalala darini. Nami nilipima kila kitu ukiwa umefungwa.

Saa kumi na mbili jioni Mama Neema akabonyeza rimoti akiwa garini. Kipande cha juu cha mlango kikaikuta meza ubavuni, kikaisukuma, kamba mbili zikalegea, Mombo ikainama. Treni nilikuwa nimeiacha juu yake. Ikaondoka kituoni bila umeme: kichwa, kisha mabehewa sita, moja moja, ta, ta, ta kwenye zege. Mota, iliyonizidi akili, ikahisi kizuizi ikazima. Mlango ukagoma usawa wa goti.

Kwenye uwazi ule ikachungulia kofia ya sufu.

"Baba Neema."

"Naam."

"Hiyo treni ya wapi?"

"Ya Moshi."

"Imefika."

Siku hizi meza inaning'inia mita 3 kutoka mlangoni. Kabla ya kutoboa dari, fungua mlango wote, panda ngazi, weka alama unapoishia, ongeza sentimita 15.

Mabehewa matano tuliyaokota usiku ule. La sita lilibiringika nje. Nililipata Aprili, theluji ilipoyeyuka, magurudumu bado yanazunguka.