Siku 105 za Jamhuri ya Watu wa Zanzibar

Watanzania huadhimisha Mapinduzi ya tarehe 12 Januari na Muungano wa tarehe 26 Aprili kana kwamba tukio la kwanza lilizaa la pili papo hapo. Mwaka 1964 siku hizo zilitenganishwa na siku 105, na katika muda huo ilikuwapo dola kamili iliyoitwa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, yenye rais, mawaziri na kiti katika Umoja wa Mataifa ilichokirithi kutoka serikali ya Sultani. Naona kuwa dola hiyo inastahili kusomwa kwa historia yake yenyewe, kwa sababu mengi tunayoyabishania kuhusu Muungano yana mizizi katika jinsi ilivyotawaliwa.

Sultani Jamshid bin Abdullah alipinduliwa mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo, Afro-Shirazi Party ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31, na vyama vya Zanzibar Nationalist Party (ZNP) na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) vikaunda serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Hesabu hiyo peke yake haielezi Mapinduzi, kwani nyuma yake palikuwa na suala la ardhi na chuki kati ya watu wa asili tofauti zilizokwisha kumwaga damu katika uchaguzi wa Juni 1961. Wala haifuti yaliyofuata baada ya wapiganaji walioongozwa na John Okello kuteka ghala za silaha za polisi: watu wengi waliuawa, hasa wenye asili ya Kiarabu, na sherehe zetu hadi leo huwataja kwa nadra mno.

Jamhuri iliyozaliwa haikuwa na kauli moja. Abeid Amani Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi Party, alikuwa rais, Kassim Hanga msaidizi wake mkuu, na Abdulrahman Babu, ambaye chama chake cha Umma kilikuwa kimepigwa marufuku na serikali ya Shamte, akashika mambo ya nje. Uingereza na Marekani zilisita hadi mwishoni mwa Februari kuitambua serikali hiyo, na wakati huo China na Ujerumani Mashariki zilikuwa zimekwisha kuingia mlangoni. Okello, aliyejitangaza Field Marshal na kuvitisha visiwa kwa redio, alizuiliwa kurudi Zanzibar mwezi Machi. Kwangu huo ndio ushahidi bora kwamba Karume, ambaye wengi walimdharau kwa uchache wa elimu yake ya darasani, aliielewa siasa kuliko wasomi waliomzunguka. Mwezi huo huo ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, hatua iliyofungua njia ya ugawaji wa eka tatu tatu kwa wakulima.

Maamuzi hayo yote yalipitia Baraza la Mapinduzi na amri za rais. Katiba ya uhuru iliwekwa kando, uchaguzi haukuitishwa, na chombo cha kuchaguliwa ambacho kingeweza kuihoji serikali hakikuwapo. Wanaoitetea hali hiyo husema kuwa nchi ilikuwa katika hatari, na ni kweli kwamba maasi ya wanajeshi yaliyozuka Dar es Salaam tarehe 20 Januari yaliwatisha viongozi wa pande zote mbili za bahari. Hata hivyo hatari hiyo ilipita, lakini utawala wa amri uliendelea: Zanzibar haikupata katiba yake mpya hadi mwaka 1979.

Ndiyo maana Mwalimu Nyerere na Karume walipotia saini Mkataba wa Muungano tarehe 22 Aprili, Bunge la Tanganyika lilikutana kuuridhia, ilhali Zanzibar haikuwa na bunge la kuufikishia. Anayeuliza leo kwa nini Wazanzibari hawakuulizwa, na swali lake ni halali, itambidi aanzie Januari, si Aprili.