Mpe sufuria na mwiko, hiyo midoli ya betri iache dukani

Jamani hivi nani katuaminisha kwamba mtoto wa miezi sita lazima awe na mdoli wa kuimba? Ukipita Kariakoo kila meza inawaka taa na kupiga kelele, na watu wananunua kweli. Mi naona hela inapotea bure tu. Mdoli unaimba wenyewe, unacheza wenyewe, sasa mtoto abaki na kazi gani zaidi ya kukodoa macho?

Chukua chupa ndogo ya maji, ikishakauka vizuri tia mchele kidogo, kizibo kaza kwa gundi na selotepu juu, kayamba tayari. Mpe mtoto wa miezi minne mitano uangalie. Mkono unatikisika kwa bahati tu, chupa inalia, anashtuka, anatulia kabisaaa, halafu anatikisa tena ila safari hii kwa makusudi, yaani kashajua ile sauti kaitoa yeye. Hapo hata umkatize na titi hataki.

Kichanga ndo hahitaji hata kayamba, anaona vizuri kitu cha sentimita 20 hadi 30, na hapo ndo uso wako unapokuwa ukimnyonyesha. Ukitaka kumzoesha kulala kifudifudi akiwa macho (WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 walisema angalau dakika 30 kwa siku, sio kwa mkupuo) mtandikie khanga ya kisutu mbele yake, ile nyekundu nyeusi na nyeupe inamvuta kichwa anakinyanyua mwenyewe, shingo inakaza.

Akishakaa, sufuria na mwiko. Miezi nane tisa mfichie kijiko chini ya khanga huku anakuona, mwanzoni alikuwa anaona kijiko ndo kimeisha duniani, sasa anaivuta khanga anakitoa na kukucheka juu.

Ila sio kila kitu cha nyumbani apewe. Chochote kinachopita kwenye lile boksi la katikati ya toilet pepa kitamkaba, kwahiyo vifungo, shanga, punje za mahindi weka mbali, na chupa yako ikaguliwe kila siku maana kila kitu kinaenda mdomoni. Zile betri bapa za duara ndo balaa kabisa, akimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya masaa mawili, kimbia hospitali hapohapo usisubiri.

Na woka, kile kigari cha magurudumu anachokalishwa mtoto ati ajifunze kutembea, najua mabibi watanisema, lakini haimuwahishi mtoto kutembea hata kidogo, inachofanya ni kumpa spidi ya kufika kwenye jiko la mkaa na kwenye ngazi. Kanada walipiga marufuku kuziuza tangu 2004. Aache atambae, magoti yatachafuka, sabuni ipo.

Kelele za sufuria sikatai, zinachosha, hasa nyumba za kupanga ukuta kwa ukuta, kwahiyo sisi ni mchana tu, jioni tunahamia kwenye bakuli za plastiki. Na mkija kumuona mtoto leteni pampasi.