Ukifika Ngomeni Mombasa, anza na jiwe la mlangoni

Watu wengi wanaozuru Ngome ya Yesu mjini Mombasa hupita mlangoni kwa haraka, kwa kuwa hamu yao ni kupanda juu ya kuta na kupiga picha huku bahari ikiwa nyuma yao. Kwa maoni yangu, wanaruka mahali penye habari nzito kuliko pote. Juu ya mlango pana jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, ambamo kamanda Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu kwamba, akiwa kijana wa miaka 27, aliijenga upya ngome, akawalipisha kodi wafalme wa pwani, akawaadhibu watu wa Pate na Siyu hadi kubomoa kuta za mji, na akawaua wakubwa wa Pemba. Watu hao, anasema, walikuwa wameasi pamoja na mfalme wao dhalimu.

Dhalimu huyo, ambaye jiwe halimtaji kwa jina, ni Yusuf bin Hassan. Baba yake aliuawa kwa njama za Wareno mwaka 1614, naye akapelekwa Goa, koloni la Wareno huko India, angali mtoto, akalelewa na mapadri, akabatizwa Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa atawale kwa niaba ya waliomlea. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kamanda kwa kisu, na ngome ikawa mikononi mwake. Kikosi kilichotumwa kutoka Goa kuikomboa kilishindwa, na Wareno walirejea tu baada ya Yusuf mwenyewe kuondoka kwa jahazi mwaka 1632. Ukishayajua hayo, majigambo ya Cabreira husomeka kama maneno ya mtu anayefunika aibu, tena aibu ya ngome iliyojengwa kuanzia 1593 kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, ili isitwaliwe na mtu.

Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili, na habari hiyo husimuliwa vizuri, kwa hiyo sitairudia. Linalonikera ni namna kipindi cha Waingereza kinavyopitwa kwa sentensi moja. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome hii ilikuwa gereza, muda wa zaidi ya miongo sita, na bado wapo wazee waliokuwa hai wakati huo. Mgeni anaweza kutumia nusu saa mbele ya mizinga na vyombo vya kaure, halafu akatoka bila kujiuliza ni nani waliofungwa humo, kwa makosa gani, na chini ya sheria za nani. Mimi ningepunguza muda wa mizinga. Wafungwa hawakuachiwa jiwe la kuchonga habari zao, kwa hiyo kazi ya kuwasimulia inatuangukia sisi, na ingefaa ianze wakati waliowafahamu wangali wanaweza kuulizwa.