Malaria ya Kuchomwa Sindano: Mkristo Aseme Nini?

Hofu ya mumiani haijaisha Malindi. Gari la watafiti likiingia kijijini kutafuta damu, hakosi mama atakayewaita wanawe ndani. Basi fikiria ilivyopokewa habari kwamba Kilifi, kaunti yetu hii hii, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, waliwachoma watu wazima wenye afya sindano ya vimelea hai vya malaria, wakawachunguza, wakawatibu, wakawalipa.

Wakristo wanaopinga wana andiko. Katika Warumi 3:8 Paulo anawakana wanaosema "na tufanye mabaya, ili yaje mema". Kumtia mtu ugonjwa makusudi ni mabaya, wasema, hata chanjo ikipatikana kutokana na utafiti huo. Halafu kuna pesa. Kijana wa boda aliyeshinda juani bila abiria ataisoma kweli fomu ya ridhaa, au atatafuta tu mahali pa kutia sahihi?

Hoja ya pesa ina uzito, lakini mtu akiacha kibarua ili akae chini ya uangalizi, nyumbani watakula nini? Kutomlipa ndiko kumnyonya. La andiko nalo silikubali lote: malaria hiyo inatibika, damu hupimwa mara kwa mara, na mwenyewe ameridhia. Wanaotetea hukimbilia Yohana 15:13, mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Wanazidisha. Utafiti unaotarajia mtu afe haupiti kamati ya maadili.

Linalonikera mimi huja baada ya fomu. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa zaidi ya 15,000, kutoka nchi 7 za Afrika, walioshiriki majaribio makubwa ya RTS,S, chanjo ya malaria, kuanzia 2009. Kenya ilipoanza kuitoa Septemba 2019, ilianzia magharibi, upande wa Ziwa Victoria. Sababu ilikuwepo, malaria kule ni kali kuliko kwetu. Hata hivyo Torati inasema usimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka, na Paulo mwenyewe alilitumia neno hilo kwa watu. Mama aliyemtoa mwanawe achomwe ana dai kwa ajili ya wadogo wa mtoto huyo waliozaliwa nyuma.

Mchungaji akialikwa kwenye baraza la chifu kufungua utafiti kwa maombi, aombe. Akimaliza aulize: dawa hii ikifaulu, zahanati ya Ganda, hapa Malindi, itaipata lini? Na jibu liandikwe ndani ya fomu ile ile, kabla mtu hajatia sahihi.