Uyoga Sikula, Jamani

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya glasi ya maziwa, naomba na mimi nisikike. Ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye magrupu, ya "jamaa kala uyoga wa porini njia ya Hombolo, kavua suruali mbele ya akina mama", imerekodiwa na mtu aliyenipeleka kwa pikipiki yake mwenyewe, na muda wote wa tukio alikuwa amelala chini ya mbuyu. Kaamkia mwishoni. Suruali nilivua, sikatai. Uyoga sikula.

Chanzo ni nyie. Wiki iliyopita nimetupia picha ya uyoga hapa, mmoja wenu (unajijua) akaandika: "Hiyo nini, ugali umedondoka?" Wengine mkaja kucheka kwa foleni. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nilipiga nimesimama, jua la saa saba, kofia nyeupe ya uyoga imeungua na mwanga mpaka haina hata mstari. Ugali kabisa. Wa sembe.

Nikaingia darasani. Kumbe ukisogeza lenzi karibu sana na kitu, sehemu inayotoka safi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukipata ukingo wa kofia, shina limeshapotelea kwenye ukungu. Dawa ni kupiga picha nyingi kamera ikiwa palepale, kila moja fokasi umeisogeza nyuma kidogo, halafu programu inachagua palipo safi kwenye kila picha na kuziunga iwe moja. Nikaazima kamera. Lenzi maalumu ya kazi hiyo bei yake unatoa mahari, kwa hiyo nikanunua pete za plastiki zinazokaa kati ya kamera na lenzi yako ya kawaida ili isogee karibu zaidi. Stendi sina. Nikajaza mtama kwenye soksi, kamera ikalalia hapo. Foili ya chipsi ya kurudishia mwanga kwenye mikunjo ya chini ya kofia, leso nyeupe ya kupunguza makali ya jua. Mtaalamu huyo.

Mvua yetu Dodoma mnaijua, msimu ni mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na yenyewe inakuja kama mgeni aliyeacha gari linanguruma nje. Ikinyesha usiku, asubuhi unawahi. Ijumaa ikanyesha, Jumamosi saa moja na nusu tuko porini, na kwenye kichuguu kimoja kivulini nikaukuta: mmoja, mkubwa, kofia ina chuchu katikati kama paa la msonge. Hawa wa vichuguu ni mazao ya mchwa, wanaulima ukungu wao huko chini kwenye majani waliyoyatafuna, mvua ikija shamba linachomoza juu. Mwenzangu akasema yeye habari za mchwa hazimhusu, akaenda zake mbuyuni.

Sasa nipangeni vizuri kichwani. Nimelala kifudifudi. Shavu liko kwenye udongo, makalio yako juu, kichwa nimekifunika leso pamoja na kamera, mdomo uko shibiri moja kutoka kwenye uyoga. Kivulini mwanga ni mdogo, kila picha inachukua robo sekunde, ukipumua tu soksi inatikisika. Kwa hiyo nabana pumzi, nabonyeza, taima inahesabu mbili, picha, napumua kidogo, nasogeza fokasi, nabana tena. Nimejiwekea picha ishirini.

Picha ya tisa, nikasikia sauti ya bibi mtu mzima nyuma yangu, ananisalimia kwa Kigogo: "Mbukwa!"

Nimebana pumzi. Sikuitikia.

Picha ya kumi. "Mbukwa, mjukuu wangu!" Nikasema moyoni, bibi nisamehe, zimebaki kumi. Kijana asiyeitikia salamu ya mtu mzima ana mawili: ama hana adabu, ama hana uhai. Bibi wa watu, kwa huruma yake, akachagua la pili.

Picha ya kumi na mbili, kuna kitu kinatembea kwenye ugoko. Kimoja. Nikakiacha.

Picha ya kumi na nne, viko vingi, vimepita goti na havina haraka. Aliyewahi kutembelewa na siafu anajua, hawaanzi kazi mpaka kila mmoja afike kituoni kwake. Nikajua kabisa ni siafu. Nikahesabu: sita zimebaki. Na ndiyo, nilibaki. Kwa ajili yako wewe wa ugali.

Picha ya kumi na saba, nikasikia minong'ono ya akina mama, na kengele za mbuzi, maana yake na watoto wa machungani wameshafika. Mmoja akasema: "Si unauona huo hapo mdomoni kwake? Kala uyoga huyu."

Picha ya kumi na tisa, amri ikatolewa. Wote. Kwa pamoja. Siwatajii wapi.

Mnisikilize, mtu anayeng'atwa na siafu sehemu ile na mtu anayekata roho kwa sumu, kwa mbali, hawana tofauti. Nilirusha miguu. Nilijipinda. Nikatoa sauti ambayo mbuzi wawili waliikimbia. Nikafumbua mdomo niseme "siafu", nikafika "sia", kidumu cha maziwa mgando kikaingia. Bibi amenikalia kifuani, mama mmoja kashika kichwa, wa pili miguu, anasema "meza, baba, meza". Nikimeza siwezi kusema, nisipomeza yanatokea puani. (Na maziwa hayatoi sumu ya uyoga, msidanganyane. Mtu akila wa sumu ni hospitali moja kwa moja.) Nguvu zilizobaki nikazipeleka kwenye mkanda wa suruali. Yule wa miguuni akaachia, akapiga yowe. Bukta yangu ya ndani ina picha za ndizi.

Hapo ndipo shahidi wenu wa mbuyuni alipoamka.

Mengine ni mafupi. Nikajieleza, wakacheka mpaka wakakaa chini, siafu nikawatoa mmojammoja, vichwa vingine vilibaki vimeng'ang'ania ngozi bila kiwiliwili. Maziwa nikalipia. Mtama wa kwenye soksi mbuzi walishaumaliza.

Picha niliziunga usiku. Kofia imetoka safi ajabu, kila mstari unausoma. Ila programu haijui siafu anatembea, kwa hiyo yule mmoja aliyepita juu ya kofia katokea mara kumi na moja, amejipanga mstari kama gwaride. Nitaitupia kesho, na wewe wa ugali nitakutegea.

Na bibi? Alipomaliza kucheka aliung'oa ule uyoga, akauvuta na mzizi wake mrefu mpaka ulipoishia, akaugeuza, akaunusa. "Huu mbona mboga?" Akaufunga kwenye khanga. Mchana tukaitwa kwake, umeungwa kwa karanga, na ugali wa uwele.

Kwa hiyo nilikula. Lakini ilikuwa saa nane, na suruali nilikuwa nimeshavaa.